Fundo Kwenye Lango Langu

Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, tuendelee. Herufi zilizobaki nilijifunzia Lusahunga, ubavuni mwa malori yanayokwenda Rusumo. Nilikuwa nikiwauzia madereva mahindi ya kuchemsha na ndizi za kuchoma, na lori likisimama nilisoma lilichoandikwa wakati dereva anatafuna. Neno la kwanza nililolisoma bila kusaidiwa lilikuwa HATARI, na la pili MAFUTA. Mtu akiyajua hayo mawili anaweza kuishi. Kwa mahindi yale nilinunua baiskeli, kwa baiskeli nikapata mashine ya kusaga, na kwa mashine nikarudi kwetu Kirushya, nikaezeka bati na kupanda shamba la migomba ambalo padri mmoja alisimamisha pikipiki yake ili alitazame vizuri. Hakuna mtu aliyenishikia hata mpini wa jembe. Hilo nilikuwa nalisema kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Na ndiyo sababu chama nilikianzisha mimi. Mtu ambaye hajawahi kusaidiwa anapenda sana kusaidia wengine, maana anapata nafasi ya kuwaonyesha kazi inavyofanywa.

Chama chetu ni kidogo. Tuko watu ishirini na kitu, wanaume kwa wanawake, wengine wenyeji wa tangu mababu, wengine wazazi wao walivuka kutoka Burundi na hawakurudi. Hatuna jina wala muhuri. Kila Jumamosi saa moja asubuhi tunakwenda kwenye nyumba moja ambayo wiki hiyo imeelemewa, tunafanya kazi iliyowashinda wenyewe, saa tano tunaweka majembe chini, tunakaa nusu saa kugombana, halafu kila mtu kwake. Kugombana kumo katika ratiba. Tuligundua kwamba watu wasipogombana Jumamosi kwa utaratibu, wanagombana Jumapili kanisani bila utaratibu. Anayechelewa kazini anabeba majembe ya wote wakati wa kurudi. Nimeona mtu mzima, mwenye wajukuu, akipita njiani na majembe kumi na tisa begani, na mke wake anatangulia mbele kama hamjui.

Kazi haikuwahi kuwa ngumu. Kilichokuwa kigumu ni kumpata wa kusaidiwa. Mwanzoni tulikuwa tunataja watu mkutanoni: fulani amezeeka, shamba limemshinda. Kumbe fulani ana shemeji yake pale pale, na jioni fulani anakuja kwako kuuliza ni shamba lipi limemshinda nani. Mzee mmoja alitufukuza kwa fimbo, na paa la nyumba yake lilikuwa limelala juu ya kitanda chake. Akasema analipumzisha.

Basi nikatunga utaratibu. Kamati ya watu watatu, chini ya katibu wetu, inachagua nyumba kimya kimya. Ijumaa ni siku ya gulio letu, kijiji chote kinakwenda, njia zinabaki na kuku. Mchana huo katibu anapita peke yake na kufunga jani kavu la mgomba, lenye fundo, kwenye lango la nyumba iliyochaguliwa. Jioni tukirudi kutoka gulioni tunaliona, tunajua kesho ni wapi. Hakuna anayeuliza nani aliipendekeza. Mwenye nyumba hakatai. Na siku yenyewe mwenye nyumba anakaa kwenye kiti uani, mikono juu ya magoti, hashiki chombo chochote wala hapikii mtu. Hiyo ya kiti niliiongeza kwa sababu watu tuliowasaidia walikuwa wanaona aibu, wanalima kuliko sisi, na Jumatatu tunaambiwa wako zahanati.

Vijana walitaka tutangaziane kwa simu. Nikakataa. Simu ikijua jambo, Biharamulo nzima imelijua kabla ya chai.

Mimi mwenyewe, ingawa ni mwenyekiti, simo kwenye kamati. Nilijitoa kwa hiari. Siri haikai kwangu; ukiniambia asubuhi, jioni nimeshaisaga pamoja na mahindi ya watu.

Katibu ni mwalimu mstaafu, mtu wa umri wangu, ambaye huchomekea shati hata siku ya kuchimba choo. Anaandika kwenye daftari kwa kutumia rula. Nikisema neno mkutanoni anasubiri nimalize, kisha anasema, "Mwenyekiti alitaka kusema hivi," halafu anasema kitu kingine kabisa, kizuri zaidi, na watu wanakubali. Miaka yote hiyo nimemheshimu na nimetamani ateleze kwenye matope mbele ya wanawake.

Sasa nije kwenye migomba yangu.

Ilianza upande wa chini, karibu na kijito. Majani yakawa ya njano, yakainama kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Mikungu ikaiva kabla ya wakati, na ukikata ndizi, ndani ina madoa ya kahawia. Ukikata shina, linatoa usaha. Mke wangu alinionyesha.

"Ni jua," nikamwambia.

"Jua limechagua migomba ya chini peke yake?"

"Jua lina akili zake."

Nilijua. Hakuna mtu wa Kagera asiyeujua mnyauko akiuona. Nilijua na dawa yake pia, maana hauna dawa: unang'oa shina zima na mizizi na machipukizi yake, unakatakata, unafukia, panga unalipitisha motoni, ardhi unaiacha ipumzike. Ukichelewa unahamia shina la pili, la tatu, mpaka unabaki na nyumba ya bati katikati ya uwanja. Kung'oa mashina yale ilikuwa kazi ya watu ishirini, na mimi nyonga yangu ya kulia ilikuwa imeanza kugoma hata kupanda ngazi mbili za mashine. Kijana wetu yuko Nyakanazi anauza vipuri vya malori. Huyo jembe analiona kwenye picha. Kwa hiyo nikawa naamka mapema, nakata majani yaliyogeuka njano, nayaficha chini ya matandazo, ili mtu akipita njiani aone kijani tupu. Nilikuwa nimeacha ukulima nimekuwa kinyozi.

Ijumaa moja niliuza haraka gulioni nikarudi kabla ya wengine, nasukuma baiskeli. Nikafika kwenye lango langu. Jani kavu la mgomba lilikuwa pale, limefungwa kwa fundo safi, ncha zake zimelingana kana kwamba zilikatwa kwa rula.

Niliegemeza baiskeli. Nikafikiri labda mwalimu amekosea lango. Lakini mwalimu hakosei. Ndiyo sababu hapendezi. Nikawaza kesho: watu ishirini uani kwangu, mimi kwenye kiti, mikono magotini, na ile sura wanayokuwa nayo wazee tuliowakalisha, sura ya mtu anayenyolewa kwa lazima. Na watakwenda chini kwenye kijito, na wataona.

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Kulikuwa na kuku tu.

Nikalifungua. Nyumba ya mwalimu haiko mbali, na mwenyewe akishafunga fundo huwa anakwenda gulioni na mkewe kununua dagaa, na hurudi giza limeingia. Nililifunga kwenye lango lake, na ingawa natumia mkono wa kushoto na vidole vyangu si vya mtu aliyesoma, nilijitahidi ncha zilingane.

Jumamosi saa moja tulikuwa kwake wote. Alitoka na mswaki mdomoni, taulo shingoni, akakuta umati na majembe. Akatazama lango lake. Akatazama jani. Akatazama watu mmoja mmoja, taratibu, kama anaita mahudhurio, mpaka akafika kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mjane wa ng'ambo ya kijito, ambaye shamba lake limepakana na langu na ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulivisha nguo. "Na wewe umefikiwa? Pole. Uzee hauna cheti."

"Marahaba," akasema mwalimu. Angeweza kusema nini zaidi? Aliyefunga fundo haruhusiwi kusema alilifunga wapi. Mwenye nyumba haruhusiwi kukataa. Sheria zote mbili nilizitunga mimi, na siku ile niliziona tamu kama asali.

Nikamletea kiti mwenyewe.

Tabu ikawa kwamba kwa mwalimu hapakuwa na kazi. Kahawa yake imepogolewa, maharage yake yamesimama kwenye mistari kama watoto wa shule. Tukatafuta. Tukachimba mtaro ambao maji hayajawahi kuuomba. Tukahamisha lundo la mawe kutoka nyuma ya jiko kwenda mbele ya jiko, mke wake akatoka akasema lirudi nyuma, tukalirudisha. Mwalimu alikaa na miwani yake, ana kitabu mapajani, na kwa saa nne sikumwona akifungua ukurasa. Mke wangu alifanya kazi siku ile bila kuongea na mtu. Nilidhani amechoka.

Wiki ile mashina mengine manne yaliinama.

Ijumaa iliyofuata niliondoka gulioni mapema zaidi. Jani lilikuwa pale. Safari hii lilikuwa na mafundo matatu, limeloweshwa kwanza ili likikauka likaze. Nilitumia meno. Mtu wa shule akikasirika anakasirika kwa ufundi.

Nikapeleka wapi? Kwa mwalimu haiwezekani mara mbili. Nikavuka kijito, nikalifunga kwa yule mjane. Hapo naomba nieleweke, sikufanya vibaya tu. Choo chake kilikuwa kimeporomoka tangu mvua za mwisho, alikuwa anakwenda kwa dada yake mlima mzima, na kamati ya wasomi ilikuwa haijaliona hilo. Nilijiambia kwamba nimesahihisha.

Jumamosi ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Mjane alikaa kwenye kiti kama bibi harusi. Wanaume walichimba shimo, wanawake walibeba miti, na mimi, kwa kuwa nyonga haikutaka shimo, nilichukua panga langu kusafisha njia katikati ya migomba yake. Nikapogoa majani, nikakata maua mawili yaliyoning'inia, nikawaonyesha vijana namna ya kukata mara moja bila kurudia.

"Mwenyekiti," akasema mjane kutoka kitini, "kamati yenu mwezi huu imepata macho."

"Ni Mungu," nikasema.

"Huyo alikuwa na macho tangu zamani. Nasema kamati."

Saa tano tukakaa kugombana. Mwalimu akasimama, akafunga kifungo cha shati.

"Nina jambo la utaratibu," akasema. "Siku hizi kuna upepo. Majani yanahama kutoka mahali yalipowekwa."

"Upepo ni kazi ya Mungu, Katibu," nikasema. "Chama kisiingilie."

"Upepo wa kuhamisha jani nitauelewa. Wa kulifungua fundo na kulifunga upya kwa mkono wa kushoto, sijauona kwenye kitabu chochote."

Mke wangu alikuwa anafuta jembe lake kwa nyasi. Hakuinua macho. Akasema, "Labda upepo huo unavaa kofia."

Watu walicheka, maana waliona ni mzaha tu. Mimi nilivua yangu nikaiweka chini ya goti.

Tukarudi nyumbani. Mke wangu alitembea mbele, nikamfuata, na tulipofika kwenye lango alisimama akatazama shamba mpaka chini, akaingia ndani. Kesho yake baada ya misa nilimkuta kule kijitoni, peke yake, ameshika shina kwa mikono miwili analivuta. Halikutikisika. Nikarudi juu bila kumwita. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliandika, kuliko fundo.

Ijumaa ya tatu niliondoka gulioni kabla hata ya kuuza. Nilitembea haraka, nyonga ikilalamika. Nikafika. Kwenye lango hapakuwa na jani. Palikuwa na mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti katikati kabisa ya njia ya kuingilia, ana ungo wa maharage mapajani, anachambua, na juu ya maharage lipo jani lenye fundo.

"Hukwenda gulioni?" nikauliza.

"Nilikwenda. Nikarudi."

"Mapema."

"Kama wewe."

Nikasimamisha baiskeli. Hakusogeza kiti.

"Mwalimu ameanza kuchanganyikiwa," nikasema. "Hii ni mara ya tatu anakosea lango."

"Hakosei. Nilikwenda kwake mimi." Akatupa jiwe dogo kutoka kwenye maharage. "Nilimwambia migomba yetu inakufa na mzee wangu anainyoa nywele. Akaniuliza kama nimekuambia. Nikamwambia wewe huambiwi, wewe unaambia."

"Umenipeleka kwa watu, mama watoto."

"Sikukupeleka wewe. Nimejipeleka mimi. Mimi si mwanakijiji? Nimelima Jumamosi za watu miaka yote hii, hakuna siku nilisema ni zamu yangu. Sasa ni zamu yangu. Fundo hili ni la kwangu, na wewe umeliiba mara mbili."

Mimi nimebishana na madereva wa nchi nne.

"Watanikalisha kwenye kiti," nikasema mwishowe, na nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo.

"Ndiyo. Ni kiti tu. Nimekikalia tangu saa nane, hakiumi." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na panga lako, lile ulilokatia migomba ya mwenzetu ng'ambo. Ulilipitisha motoni?"

Nikatazama suruali yangu. Nilikuwa nimelitoa kwenye migomba yangu asubuhi ya Jumamosi ile, likiwa na usaha, nikalifuta kwenye suruali.

"Basi," akasema. "Nilitaka kujua tu." Akaninyooshea jani. "Chukua. Ukitaka lipeleke pengine, padri hajawahi kulimiwa. Ukitaka lifunge hapa. Mimi nakwenda kuweka maharage jikoni, sitachungulia."

Akaingia na ungo wake. Wa kwanza kutoka gulioni walikuwa wanaanza kuonekana kwenye kona ya chini. Nikalifunga kwenye lango langu. Ncha hazikulingana.

Jumamosi saa moja walikuwa wamefika wote, hata wale wachelewaji wa kudumu. Habari njema huamsha watu. Wakanitazama tu, wakatazama kiti, ambacho mwalimu mwenyewe alikuwa amekibeba kutoka sebuleni kwangu na kukiweka pale uani panapoonekana kutoka barabarani.

"Karibu, Mwenyekiti," akasema.

Nikakaa. Mikono juu ya magoti.

"Mwenyekiti alitaka kusema asante," akawaambia watu, "lakini tutamwachia mpaka saa tano."

Wakashuka kijitoni. Nilisikia walipofika, kwa sababu walinyamaza. Watu ishirini wanaonyamaza kwa pamoja unawasikia kuliko wakiimba. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu ikigawa kazi: hawa safu ya chini, hawa wachimbe shimo la kufukia, wewe washa moto wa mapanga, hakuna kukata shina mpaka nimelitazama. Nimekaa na mwanamke yule miaka mingi na sikujua kwamba ana sauti ya kufika barabarani.

Mwalimu akapanda tena, akaniwekea kitu mapajani. Kilikuwa kijitabu cha bwana shamba kuhusu mnyauko.

"Nimeona usikae bure. Herufi zake ni kubwa," akasema, akaondoka.

Alidhani nitakigeuza chini juu. Nikakifungua. Kilikuwa na picha, na kwenye kila picha nililiona shamba langu, kana kwamba mpiga picha alipita kwangu nikiwa mashineni. Nikaanza kusoma. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyosoma ubavuni mwa malori, na kadiri nilivyosoma sauti ilipanda, mpaka nikawa nasoma kwa ajili ya walioko kijitoni.

"Ng'oa. Shina. Lote. Pamoja na. Machipukizi," nikasoma. "Mmesikia huko? Machipukizi. Namwona mtu ameacha chipukizi safu ya pili."

"Aliyekaa haongei," ikajibu sauti kutoka chini.

"Hiyo haimo kwenye sheria. Sheria inasema mikono."

Wakabishana kama inamo au haimo, na mwalimu akafungua daftari akathibitisha kwamba haimo. Nikaendelea mpaka ukurasa wa mwisho. Nikaanza tena.

Safu zilizong'olewa zilifika nusu ya shamba na kuzidi kidogo. Kutoka kitini niliona anga mahali ambapo sijawahi kuona anga, na ng'ambo ya pili nikaona mlango wa jiko la mjane, ambao miaka yote ulikuwa umefichwa na majani yangu. Nilikuwa nimepanda mashina yale moja moja. Nilikuwa nafahamu lipi lilizaa mwaka wa kwanza wa mashine. Yote yakaingia shimoni kufikia saa tano kasoro, na wafukiaji walikuwa wanapiga soga.

Mjane akapanda kunawa mikono. Nikamwita.

"Nina neno," nikasema. "Panga nililokatia kwako wiki iliyopita lilitoka huku. Sikulichoma."

Akaacha kunawa. "Panga lile lile?"

"Lile lile."

"Ulijua?"

"Nilijua na sikujua."

"Hiyo ni kujua," akasema. Hakucheka, na mwanamke yule huwa anacheka hata kwenye matanga. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Basi yakinyauka kwangu, utakuja kuyang'oa. Wewe, si chama. Na kiti nitakaa mimi."

"Nitakuja."

"Na usije na vijana wa kukuonea huruma."

Wakati wa kugombana ulipofika mwalimu alinitazama, watu wote wakanitazama. Nikasema asante. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza kwinini, na mwalimu akasubiri nimalize, na kwa mara ya kwanza hakuongeza nilichotaka kusema. Halafu mtu akaleta hoja kwamba mwenye kuhamisha fundo apewe adhabu, na wote wakajifanya hawajui ni nani, wakanichagua mimi nimtafute. Bado namtafuta. Kila mkutano natoa taarifa kwamba uchunguzi unaendelea.

Kwa mjane mashina mawili yaliinama baada ya wiki chache, yale yale niliyoyakata maua. Nilikwenda. Kazi ambayo vijana wangeimaliza kabla ya uji ilinichukua siku mbili, nang'oa nikiwa nimepiga goti moja, nyonga imetulia upande. Yeye alikaa kwenye kiti kivulini, anachambua mboga, na kila nikipumzika alikuwa ananiambia bado chipukizi moja. Nililipitisha panga motoni mara nyingi mpaka mpini ukaungua. Shimo lilipofukiwa akaniletea gudulia la maji, nikamkumbusha kwamba anayekaa kitini hahudumii watu. Akasema sheria ile ni ya chama, na pale hapakuwa na chama, palikuwa na mdeni wake na kiu yake.

Sehemu iliyobaki wazi kwetu mke wangu amepanda maharage. Yamestawi. Nimekatazwa kuyasemea gulioni kwa sababu si yangu.

Lakini ndizi za kula hazikututosha. Migomba ya nusu iliyobaki ilikuwa michanga, na ile ya mjane iliyokufa ndiyo iliyokuwa karibu kukomaa. Nikafikiri kumtuma mtu wa bodaboda aninunulie mbali, Biharamulo huko, kusikonijua mtu. Nikalala na wazo hilo, nikaamka nalo, nikaona ni jani lile lile nataka kulihamisha. Ijumaa nikachukua baiskeli, nikavaa kofia yangu, nikaenda gulioni kwetu saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa, nikasimama mbele ya mama mmoja muuza ndizi ambaye siku zote alikuwa akinunua kwangu.

"Shikamoo, mzee. Leo umeleta mikungu mingapi?"

"Marahaba. Leo nimekuja kununua."

Akadhani natania. Akatazama nyuma ya baiskeli, hakuna kitu. "Wewe? Ndizi zako ziko wapi?"

"Zimekufa na mnyauko. Niliuficha, ukapata nafasi nzuri ya kula." Nilisema kwa ile sauti niliyosomea kijitabu. Wauzaji wa pande zote wakageuka, na mtu mmoja wa chama chetu akaacha kupima viazi. "Nipe mikungu miwili. Na usinichagulie kwa huruma, nichagulie kwa ubishi, kama nilivyokuwa nakuuzia."

Tulibishana bei mpaka watu wakakaa chini kusikiliza. Nikafunga mikungu yote miwili kwenye baiskeli, nikapita nayo katikati ya gulio, si kwa njia ya nyuma, nikawaitikia shikamoo zote. Mmoja niliufikisha nyumbani. Wa pili nikauvusha kijito, nikauweka mlangoni kwa mjane.

Akatoka. Akauzunguka. Akaugeuza, akakwaruza ndizi moja kwa ukucha, akaugonga kwa kidole.

"Wangu ungekuwa mkubwa kuliko huu," akasema.

Nikautazama. Alikuwa anasema kweli. Nikaupakia tena kwenye baiskeli, nikarudi gulioni kutafuta mwingine.